Mshumaa wa mwizi wa makaburi

Kila zinapotajwa tamthilia za Kichina katika baraza zetu, mazungumzo huishia pale pale. Mmoja atasema zinafundisha ushirikina. Mwingine atasema zinawapotezea vijana muda. Wa tatu atasema bora hizo kuliko za Kifilipino, maana walau watu wake wamevaa nguo. Baada ya hapo inaadhiniwa Isha na baraza linavunjika. Kwa maoni yangu mazungumzo hayo hayajaligusa jambo lenyewe. Leo nataka tulitazame kupitia tamthilia moja ambayo, niseme wazi tangu mwanzo, naipenda.

Tamthilia za Wachina si ngeni hapa nchini. Mwishoni mwa mwaka 2011 TBC ilianza kuonyesha mchezo wa Mao Doudou na mama wakwe zake, ukiwa umetiwa sauti za Kiswahili, na watu waliupenda kiasi kwamba Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 aliutaja katika hotuba yake. Ule ulikuwa mchezo wa nyumbani: mke, mume, wakwe na ugomvi wa jikoni. Tangu hapo yamekuja mengi, na yanayopendwa zaidi na vijana ni ya safari na hatari. Hapa Mpanda si kila kitu kinapita kwenye king'amuzi. Unakwenda na flashi yako kwenye kibanda cha muvi pale Majengo au Makanyagio, unalipa, unapakiwa sizoni nzima, unakwenda kuangalia nyumbani na watoto wa ndugu zako wakikufasiria maandishi ya Kiingereza yanayopita chini.

Ninayoizungumzia inaitwa Gui Chui Deng, yaani "mzimu wapuliza taa", na nje ya China inajulikana kwa jina la Candle in the Tomb. Ilitoka Desemba 2016, ina sehemu 21, mwongozaji wake ni Kong Sheng, nayo imetokana na riwaya iliyoanza kusomwa sana huko China mwaka 2006. Mhusika mkuu ni Hu Bayi, askari aliyeacha jeshi, ambaye amerithi kwa babu yake kitabu kilichochakaa kinachoeleza jinsi ya kusoma milima, mito na nyota ili kujua kaburi la mfalme liko wapi. Rafiki yake wa tangu utotoni ni bwana mmoja mnene, mchekeshaji na mwenye tamaa. Wanakutana na Shirley Yang, binti wa Kichina kutoka Marekani, ambaye baba yake alipotea jangwani. Yeye anagharamia msafara wa profesa mmoja na wanafunzi wake, na wote pamoja wanaingia jangwa la Taklamakan kuutafuta mji wa kale wa Jingjue uliomezwa na mchanga.

Jingjue si jina la kubuni. Ulikuwa ufalme mdogo katika njia ya biashara ya hariri, na magofu yake, yanayoitwa Niya, yalichimbwa na Aurel Stein mwaka 1901. Hayo majinamizi na nyoka weusi ndiyo ya kubuni.

Sasa hebu tujiulize. Hu Bayi kazi yake ni nini hasa? Ukiondoa muziki, ukiondoa picha nzuri za machweo jangwani, ukiondoa ushujaa wake na uaminifu wake kwa rafiki, kinachobaki ni mtu anayefukua makaburi na kuchukua vya wafu. Kwa lugha ya fiqhi ni nabbash. Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, ninayekwenda kuzika jirani zangu na kuombea maiti, nakaa mbele ya televisheni saa nne za usiku nikiomba asikamatwe. Nikiona kifuniko cha jeneza kinafunguka, moyo unakwenda mbio, lakini si kwa kumhurumia aliyelala ndani. Namhurumia anayefungua.

Hili ndilo swali langu. Si kama tamthilia inaonyesha mizimu, bali inakuwaje moyo wa mtu wa kawaida, asiye mwizi, unakwenda upande wa mwizi, tena kwa raha?

Jibu la kwanza liko kwenye ule mshumaa. Katika hadithi hii wafukuaji makaburi wana adabu zao. Wakishaingia chumba cha maiti wanawasha mshumaa kwenye kona ya kusini-mashariki, kisha ndipo wanafungua jeneza. Mshumaa ukizimika, maana yake mwenye kaburi amekataa, na wao wanatakiwa warudishe kila kitu, wainamishe kichwa na kuondoka. Jogoo akiwika, hawagusi tena. Hawachukui vyote. Wanajinasibisha na kikosi ambacho Cao Cao, jemadari aliyeishi miaka 1,800 hivi iliyopita, alituhumiwa na maadui zake kukiunda ili kufukua makaburi na kulipa majeshi yake. Yaani tuhuma ya adui imegeuzwa kuwa nasaba ya heshima.

Uzuri wa mshumaa huu ni kwamba unaufanya wizi uonekane kama mapatano. Kuna mwombaji na kuna mwombwaji, ruhusa na kukataliwa. Mtazamaji anatulia. Anajiambia: hawa si wezi ovyo, wana miiko. Lakini tazama vizuri ni mapatano ya aina gani hayo. Mwenye mali hawezi kusema. Anayewasha mshumaa ni mwizi, anayeutazama ni mwizi, na upepo ukiuzima, wa kuamua kwamba huo ni upepo tu au ni jibu ni huyo huyo mwizi. Mahakama gani hiyo ambayo mshitakiwa ndiye hakimu, ndiye karani, na ndiye shahidi pekee? Na hata mshumaa usipozimika, ni lini kunyamaza kwa maiti kumekuwa idhini?

Miiko ndani ya uovu ina mvuto wake, nasi tunaijua bila kwenda China. Kuna mla rushwa anayejisifu kwamba hali rushwa ya mjane. Kuna jangili anayejisifu kwamba haui jike lenye mtoto. Mtu wa namna hiyo tunampenda kuliko mwovu asiye na mpaka, na kwa kiasi fulani tuna haki, kwa sababu dhamira yake haijafa yote. Lakini ule mpaka aliojiwekea ndio unaompa usingizi usiku. Asingekuwa nao, huenda angeacha.

Jibu la pili nimelifikiria kwa muda mrefu zaidi, nalo ni wafu wenyewe. Katika tamthilia hii wafu wanapigana. Kaburi lina mitego. Kuna mchwa wa kutisha, kuna nyoka, kuna ua la ajabu kwenye jeneza la malkia linalowatia watu njozi hata wauane. Wanafunzi wa profesa wanakufa mmoja baada ya mwingine, na profesa mwenyewe anarukwa na akili. Kwa hiyo ukitazama, huoni mwenye nguvu akimpora asiyejiweza. Unaona pande mbili zenye nguvu, na huyu wa kwetu ndiye anayeonekana dhaifu, ana tochi na kamba tu. Wizi umegeuka kuwa vita, na katika vita mtu huchagua upande.

Ndiyo maana nasema wale wanaolalamika kwamba mizimu ya Kichina itawatia watoto hofu wameshika jambo kwa mkia. Tatizo la mizimu hii si kwamba inatisha. Tatizo ni kwamba inampa mwizi sura ya shujaa, kwa kuwa inamfanya aliyeibiwa aonekane na uwezo wa kujitetea. Maiti wa kweli hajitetei. Nenda makaburini kwetu hapa Mpanda usiku wowote, hakuna nyoka mweusi anayelinda mtu. Kuna nyasi, kuna udongo, na kuna mwezi.

Wanazuoni wetu walilijua hili, na mjadala wao juu ya nabbash ni wa kusisimua kuliko sehemu zote 21. Imam Malik, Imam Shafii na Imam Ahmad, na pamoja nao Abu Yusuf, walisema mwizi wa sanda kaburini ni mwizi kama wezi wengine, anakatwa mkono yakitimia masharti. Imam Abu Hanifa na mwanafunzi wake Muhammad wakasema hapana, anaadhibiwa kwa adhabu atakayoona kadhi, lakini hakatwi. Hoja yao haikuwa kwamba kitendo ni chepesi. Waliuliza maswali mawili. Kwanza, je, kaburi ni hirz, yaani mahali pa hifadhi ambapo watu huweka mali kwa kuilinda, kama kabati au ghala? Pili, ile sanda ni mali ya nani? Maiti hamiliki, na warithi hawaihitaji. Wengine wakajibu kwamba hifadhi ya kila kitu ni kwa kadiri yake, na hifadhi ya sanda ni pale ilipo, hapana pengine inapofaa kuwekwa.

Ukiwasikiliza wote wawili unagundua kwamba walikuwa wanatazama kitu kimoja: mali ambayo mwenyewe hawezi kuidai, katika nyumba isiyo na mlango. Hapo ndipo tamthilia inapochezea moyo wetu. Tumezoea kuuchukia wizi kwa sababu tunaliona jicho la aliyeibiwa. Likishafumba, chuki yetu inapungua bila sisi kujua.

Atasema mtu: ndugu mwandishi, unachanganya mambo. Hao wa Jingjue walikuwa makafiri wa miaka mia nyingi iliyopita. Sheria yenyewe inaruhusu rikaz, hazina iliyozikwa zama za kale, na aliyeipata anatoa khumsi, moja ya tano, kisha nne zinakuwa zake. Na makaburi ya washirikina yalifukuliwa pale ulipojengwa msikiti wa Mtume (SAW) Madina. Na ipo riwaya ya kaburi la Abu Righal, kwamba alizikwa na tawi la dhahabu na watu wakalichimbua.

Hoja hii ina uzito na siwezi kuipita kwa mkato. Riwaya ya Abu Righal wapo wanahadithi walioidhoofisha, lakini habari ya msikiti ni sahihi na hukumu ya rikaz inajulikana. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kila anayetoa dhahabu chini ya ardhi amefanya kosa, wala kwamba kaburi haliguswi kwa hali yoyote. Hata hivyo kuna tofauti. Madina makaburi yalihamishwa kwa haja iliyo wazi, mchana, mbele za watu, na ardhi ililipiwa. Rikaz ni hazina, haina uso. Hu Bayi na mwenzake mnene wanapovua kitu mwilini mwa mtu aliyelala, hilo si sawa na kuokota chungu cha sarafu shambani. Mtume (SAW) amefundisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Na alipopita kwenye makazi ya Thamud wakati wa safari ya Tabuk, alikataza watu kuingia humo isipokuwa wakiwa wanalia. Hao Thamud nao walikuwa wapotofu, tena walioangamizwa. Kwa hiyo kilichotakiwa hapo hakikuwa kuwaheshimu kwa dini yao. Ilikuwa ni hali ya moyo wa anayeingia.

Na hali ya moyo wa anayeingia hutegemea anatoka wapi. Imam Ghazali, alipozungumzia kusikiliza nyimbo, alichukua rai kwamba sauti nzuri haiingizi moyoni kisichokuwemo, bali huamsha kilichomo. Nadhani rai hiyo inafaa kwa tamthilia pia. Sasa tamthilia ya kutafuta dhahabu ya wafu inaamsha nini katika mioyo ya watu wa Mpanda?

Mji huu ulizaliwa na shimo. Reli ya kutoka Kaliua ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mukwamba, na mgodi ulipofungwa mwaka 1960 tulibaki na reli na mashimo. Mpaka leo vijana wetu wanachimba dhahabu Dirifu, Magamba na Ibindi, na wengi hawapati kitu. Mtu aliyechimba mwaka mzima akakosa, akikaa mbele ya skrini akamwona Hu Bayi anasoma nyota na kujua mahali hasa pa kuchimba, usishangae akimpenda. Amemwona mtu mwenye kile anachokikosa yeye.

Tena wapo wanaotafuta "mali ya Mjerumani". Sina haja ya kueleza sana, maana kila mtu hapa amesikia: alama kwenye jiwe, mti wa zamani, ramani ambayo mzee fulani ameificha, na mganga anayesema hazina ina mlinzi na mlinzi anataka kitu. Hapo ndipo mchezo unapokoma kuwa mchezo. Tamthilia ya China inasema dhahabu ya chini ina mwenye kuilinda, na mganga wa kwetu anasema hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba wa kwetu halipwi kwa mshumaa.

Hatujasahau miaka ya 2007 hadi 2009, watu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa na kukatwa viungo, hasa kanda ya Ziwa, na baadhi ya wateja wa waganga walikuwa wasaka madini. Mkoa huu wa kwetu nao, wakati ule ukiwa bado sehemu ya Rukwa na hata baada ya kuwa Katavi mwaka 2012, haukuwa salama kwa ndugu hao. Mapema mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mwenyeji wa huku kwetu, alitokwa na machozi bungeni katika mjadala wa mauaji hayo. Na wakati ule hata waliokwisha kuzikwa hawakuachwa. Makaburi yalifukuliwa. Familia zikawa zinazika ndugu yao na kumwaga zege juu yake, kwa hofu ya watu wenye majembe. Maiti wale hawakuwa na mitego. Ulinzi wao ulikuwa ni mfuko wa saruji, kwa aliyeweza kuununua.

Sisemi kwamba tamthilia ilisababisha hayo. Ilitengenezwa miaka mingi baadaye na mbali sana. Nasema moyo unaouamsha ndio ule ule.

Na asidhani mtu kwamba ufukuaji ni kazi ya wajinga na waganga peke yao. Katika msafara wa Hu Bayi yumo profesa, na kwa kuwa yupo yeye, mtazamaji anaona msafara wote umekuwa halali. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitoa matokeo ya utafiti wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Kama 200 yalitoka ardhi ambayo leo ni Tanzania, na mengi yalitolewa makaburini. Vipimo vya vinasaba vikapata hata jamaa walio hai, huku Kilimanjaro. Waliofukua walikuwa na daftari na rula, wakaandika namba kwenye mifupa. Hawakuwasha hata huo mshumaa. Inanishangaza kwamba sisi tunachimba tukitafuta alichoacha Mjerumani, na ni wachache wanaouliza alichochukua.

Limebaki moja, nalo linahusu lile jangwa lenyewe. Taklamakan iko Xinjiang, nchi ya Wauighur, Waislamu wenzetu. Katika hadithi, kiongozi wa msafara ni mzee wa Kiuighur aitwaye Anliman, mwenye ngamia, ambaye kila hatua anamtaja Khuda, yaani Mungu. Ameandikwa ili achekeshe kidogo: mwoga, mpenda pesa, anayebishana. Wakifika kwenye bonde la milima myeusi inayouzunguka mji, anakataa kuingia. Anabaki nje na ngamia wake.

Oktoba 2019 shirika la habari la AFP lilichapisha uchunguzi uliotumia picha za satelaiti, likaonyesha kwamba makaburi mengi ya Wauighur huko Xinjiang yamebomolewa, na waandishi wake waliofika waliona mifupa ya watu imeachwa wazi. Serikali ya China ilieleza kwamba makaburi yanahamishwa kwa utaratibu, kupisha mipango ya miji. Agosti 2022 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa nayo ilitoa ripoti juu ya waliyotendewa Wauighur, ikisema huenda yakawa jinai dhidi ya ubinadamu, na China ikaikataa. Msomaji anaweza kupima mwenyewe. Lakini ukishajua habari hizo, huwezi tena kuitazama tamthilia ile kama mwanzo. Kaburi la malkia wa kubuni limewekewa sehemu 21 za hofu na heshima. Makaburi ya baba na babu za Anliman, katika mchanga ule ule, yamewekewa tingatinga.

Kijana wa ndugu yangu ameniuliza kama kwa maneno haya namkataza kuangalia. Sijamkataza. Riwaya hii imetolewa tamthilia nyingine baada ya hiyo, na zimo kwenye flashi yake, nami nitakaa naye. Nimemwomba jambo moja tu, tukifika mahali jeneza linapofunguliwa asimamishe picha kidogo, aniambie aliyelala mle ndani anaitwa nani. Kwa malkia wa Jingjue aliweza. Kwa wale watumwa waliozikwa pamoja naye hakuweza, na tumerudisha nyuma mara mbili kutafuta kama maandishi ya chini yamewataja.